Usimcheke Mwenzio: Historia Iliyomo Ndani ya Maneno ya Nakivale na Bwizibwera



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo lililotokea nyumbani kwetu Bwizibwera siku ya Idd, likatufundisha historia ambayo hatukuifundishwa darasani.

Siku hiyo tulikuwa na wageni, familia ya Kikongo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Chakula kilipokuwa kinaendelea, kijana wao wa miaka tisa hivi aliinua sahani yake akasema kwa adabu: "Mama, muniongezee muchele." Watoto wetu wakaangua kicheko. Mmoja akamwuliza: "Unataka mchele? Kwani wewe ni kuku?" Maana kwa Kiswahili walichokisoma kutoka vitabu vya Tanzania, mchele ni ule ambao haujapikwa, na ukishaiva unaitwa wali.

Kijana yule akaiweka sahani chini. Hakuomba tena, na mchana mzima hakusema neno. Mama yake alitabasamu ili kutuondolea aibu, lakini tuliona kwamba limemgusa.

Usiku, wageni walipoondoka, tuliwakalisha watoto. Tulitaka kuwakemea tu, lakini mmoja wao akauliza swali la haki kabisa: "Lakini si amekosea?" Hapo ndipo tulipogundua kwamba sisi wenyewe hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu tulilolitafuta tangu siku ile.

KWANZA, TUTAZAME TULIPO

Kwa wasioijua sehemu yetu: Bwizibwera ni mji mdogo katika barabara ya kutoka Mbarara kwenda Ibanda, magharibi ya Uganda. Lugha ya hapa ni Kinyankole. Nakivale iko upande mwingine wa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Iliwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo.

Watu hawa wote wanapokutana sokoni, kisimani au msikitini, mara nyingi lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Lakini kila mmoja amekuja na Kiswahili cha njia aliyopitia. Wapo waliokinyonya kwa mama, wapo waliokiokota njiani, na wapo waliojifunza hapa hapa Nakivale wakiwa kwenye foleni ya maji. Basi si ajabu kwamba kila siku mtu husikia neno ambalo hajapata kulisikia.

NJIA YA MCHELE

Turudi kwenye sahani ya yule kijana. Familia yake inatoka Maniema, mashariki ya Kongo. Kiswahili kilifika vipi huko, mbali na pwani kiasi hicho?

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora, kisha Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia nchi ya Manyema. Mji wa Nyangwe kando ya mto Lualaba ulikuwa kituo chao kikubwa. Livingstone alifika hapo mwaka 1871, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, na wote waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwishatangulia. Mji wa Kasongo ukawa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905.

Wageni hao walipanda mpunga kando ya Nyangwe na Kasongo, nao ukastawi. Wenyeji walipoupokea mmea huo walilipokea na jina. Lakini hawakuyahitaji majina yote matatu ya pwani, yaani mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini. Jina moja liliwatosha, wakasema muchele.

Wala si wao peke yao. Wanyarwanda husema umuceri. Waganda husema omuceere. Na hawa jirani zetu Wanyankole, ambao watoto wetu wanacheza nao kila siku hapa Bwizibwera, husema omuceeri, uwe mbichi au umeiva. Watoto wetu hulisikia neno hilo kila wiki na hawajawahi kulicheka! Walipolisikia katika Kiswahili cha mgeni ndipo likawa kosa.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa kuwa historia haifai kusimuliwa nusu. Misafara ile haikubeba mpunga na dini peke yake. Ilibeba pembe za ndovu, bunduki na watumwa. Vijiji vingi vya Manyema viliteketezwa, na watu wakapelekwa pwani kwa nguvu. Waliokuwa wafanyabiashara hao ni watu wa dini yetu, na haitufai kulificha hilo kwa watoto wetu. Kiswahili cha Kongo kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Na pwani, mwungwana maana yake ya kwanza ilikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Kwa hiyo jina lenyewe la lugha ile linakumbusha wakati ambapo watu waligawanywa kuwa huru na wasio huru. Wajukuu wa waliotekwa na wajukuu wa walioteka leo wanazungumza lugha moja. Kijana anapoomba muchele, nyuma ya neno hilo kuna hadithi yote hiyo. Na sisi tulimwita kuku.

NJIA YA KARAGWE

Sehemu yetu nayo ilikuwa na njia yake. Kutoka Tabora tawi moja la misafara lilielekea kaskazini hadi Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, si mbali na ilipo Nakivale leo. Huko, mahali paitwapo Kafuro, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani. Speke na Grant walipofika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, bidhaa za pwani zilikuwa zimekwishawatangulia. Njia ikaendelea hadi Buganda, ambako wafanyabiashara wa pwani walikwishafika zama za Kabaka Suna, miaka ya 1840. Mwanawe, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alijifunza kusoma herufi za Kiarabu na akajua Kiswahili, naye akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana hata Mnyankole au Mganda asiyejua Kiswahili hutamka maneno yake bila kujua. Kitabu ni ekitabo. Meza ni emeeza, na neno hilo Waswahili nao walilipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Hakuna lugha isiyo na deni.

NENO LA SKULI

Jaribuni zoezi hili, ndugu wanafunzi. Ukikutana na rafiki wa Nakivale, mwulize: kwenu mahali pa kusomea panaitwaje? Majibu yake yatakushangaza.

Mtanzania atasema shule. Hili ni neno la Kijerumani, maana Wajerumani waliitawala Tanganyika hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnyarwanda atasema ishuri na Mrundi atasema ishure, nalo ni neno lile lile. Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wajerumani mpaka mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia na Kifaransa chao. Mjerumani akaondoka, lakini neno lake likabaki mdomoni mwa watoto hadi leo.

Wapo Wakongo watakaosema ninaenda ku masomo, wakimaanisha jengo lenyewe la shule. Usiwasahihishe haraka. Mnyankole naye husema eishomero, Mganda essomero, yaani mahali pa kusoma. Na hapa Uganda kusoma kuna uzito wake. Katika Buganda ya karne ya 19, watu walioingia dini waliitwa abasomi, wasomaji. Waislamu ndio waliotangulia kufundisha herufi, kisha wakaja Wakristo. Hata leo Mganda anaweza kusema anakwenda okusoma akiwa na maana ya kwenda kuabudu.

Msomali atakwambia dugsi, neno ambalo tangu zamani ni la mahali pa kufundishia Qurani. Na Mswahili wa pwani ana chuo. Siku hizi tunafikiri chuo ni cha watu wazima wenye shahada, lakini kwa wazee wa pwani mtoto wa miaka sita ndiye aliyekwenda chuoni, kwa mwalimu wake wa Qurani.

Ndugu zetu, kwa neno moja tu umeshajua nani alitawaliwa na nani, na nani alianza kusoma kwa ajili ya nini. Hela na faranga ni vivyo hivyo. Hela ni sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 1904. Faranga ilikuja na Wabelgiji. Sarafu ya hela imeshakufa zamani, lakini Mtanzania bado anasema hana hela!

MANENO YANAYOTUPATANISHA NA YANAYOTUCHANGANYA

Yapo maneno ambayo Nakivale nzima inayaelewa bila mkalimani. La kwanza ni sabuni. Msomali husema saabuun, Mrundi isabuni, Mnyarwanda isabune, Mganda ssabbuuni, na hata Mwethiopia husema samuna. Kinamama waliotoka nchi sita wanaweza kukaa kwenye bomba moja, wasielewane katika mengi, lakini sabuni wataazimana.

La pili ni saa. Neno limetoka Kiarabu, nalo limeenea kote. Na Waswahili, Waganda, Wanyankole na Waethiopia huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Mnyarwanda naye akitaja saa hutumia hesabu ya Kiswahili, akasema saa mbiri, ingawa kwa mambo mengine ana hesabu zake.

Lakini yapo maneno yanayofanana huku maana zake zimeachana. Yaya kwa Mkongo ni kaka au dada mkubwa, neno la heshima. Kwa Mkenya na Mtanzania, yaya ni mtu aliyeajiriwa kulea watoto. Fikiria binti wa Kikongo anamwita binti wa jirani "yaya" kwa kumheshimu, na huyu anakasirika akidhani amefanywa mtumishi. Ugomvi wa namna hii hutokea pasipo mkosaji. Dawa yake ni kuuliza tu: "Kwenu neno hili lina maana gani?"

Na yapo maneno yanayobeba chakula. Majani ya muhogo Mkongo huyaita sombe, Mnyarwanda isombe, Mtanzania kisamvu. Sufuria ni ile ile, mwiko ni ule ule.

NENO LINALOUMA

Si kila neno ni la kuchekesha au la kufurahisha. Chukua neno sabasaba.

Kwa Mtanzania, Sabasaba ni tarehe 7 Julai. Chama cha TANU kilianzishwa siku hiyo mwaka 1954, na watu huvaa vizuri wakaenda kwenye maonyesho ya biashara. Kwa mtoto wa Dar es Salaam neno hilo lina harufu ya mishikaki.

Lakini mzee wa Mbarara akilisikia, huenda akanyamaza. Katika vita vya kumwondoa Idi Amin, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliuteka mji wa Mbarara mwezi Februari 1979, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Mizinga ya roketi ya majeshi hayo watu wa Uganda waliiita sabasaba. Wengi waliifurahia kwa kuwa iliwaondolea dhalimu, lakini waliisikia ikinguruma juu ya paa zao.

Hii ni sehemu ya sababu Kiswahili kilichelewa kupendwa katika nchi yetu. Wazee wengi walikisikia kwanza kwa askari, kikiwa ni amri, kizuizi cha barabarani, au kipigo. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kutangazwa na mtu kama yeye hakukukipatia marafiki. Mzee akikataa kuzungumza nawe Kiswahili, usiseme ana kiburi. Huenda anakumbuka sauti nyingine.

Na Rwanda na Burundi kulikuwa na jambo lake. Zama za Wabelgiji, Waislamu walitengewa mitaa yao, ikaitwa ya Waswahili. Ikafika mahali kuitwa Mswahili ni kuitwa Mwislamu, na mara nyingi haikuwa sifa. Mitaa kama Buyenzi ya Bujumbura na Nyamirambo ya Kigali ilijengeka kwa watu hao. Basi mama wa Kirundi anayezungumza Kiswahili kitamu kule Nakivale, huenda bibi yake alidharauliwa kwa sababu ya Kiswahili hicho hicho. Tukimdharau tena kwa kuwa hakifanani na cha vitabuni, tutakuwa tumemrudishia dharau ile ile mara ya pili.

JE, HAKUNA SANIFU?

Mwanafunzi atauliza: basi kila kitu ni sawa? Mwalimu akisahihisha asisahihishe? La, hatukusema hivyo. Kiswahili sanifu kipo na kina faida zake. Lakini nacho kina tarehe ya kuzaliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiswahili cha Unguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ili vitabu vya nchi hizo viandikwe kwa namna moja. Kongo, Rwanda na Burundi hazikuwamo. Hakuna aliyemwuliza mtu wa Kasongo anauitaje wali.

Kwa hiyo sanifu ni makubaliano, kama vile barabara ina upande wa kuendeshea. Katika mtihani andika wali. Lakini aliyesema muchele hakuvunja kitu. Anatembea kwenye njia iliyokuwapo kabla ya makubaliano hayo.

Siku hizi jambo hili linatuhusu zaidi. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe shuleni kuwa somo la lazima. Na UNESCO, mwaka 2021, iliichagua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, yaani ile ile Sabasaba. Watoto wetu watakisoma Kiswahili kwa wingi kuliko sisi. Swali ni kama watakisoma ili wapate watu wa kuzungumza nao, au wapate watu wa kuwacheka.

TULICHOKIFANYA NYUMBANI

Baada ya mazungumzo yale tulinunua daftari la kurasa 96. Tukaweka sharti moja: kila mtoto akisikia neno geni kwa rafiki, asicheke wala asisahihishe mpaka ameuliza mambo matatu. Maana yake nini kwenu? Ulilisikia kwa nani? Na sisi tunasemaje? Kisha analiandika pamoja na mahali lilikotoka. Na ni lazima naye atoe neno moja la kwao, ili iwe ni kupeana. Rafiki hapendi kuhojiwa kama yuko mbele ya karani.

Neno la kwanza tuliloliandika ni muchele. Wageni wetu walipokuja tena, binti yetu aliyemcheka mwenzake alimletea daftari akamwonyesha ukurasa wa kwanza. Akamwambia: "Ndugu yangu, unisamehe. Hata Wanyankole wanasema kama nyinyi. Mimi ndiye nilikuwa sijui." Kijana akalisoma, akasahihisha jinsi tulivyoliandika jina la kijiji cha babu yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama sisi tunalijua neno sombe. Tangu hapo hakunyamaza! Daftari limeshafika kurasa arobaini, na nyingi katika hizo ni zake.

Tunawausia wazazi wenzetu mjaribu jambo hili majumbani, hasa mnaoishi na majirani waliotoka mbali. Halihitaji fedha wala mtandao. Mkimbizi huacha nyumba, shamba na ng'ombe, lakini maneno ya mama yake huvuka nayo mpaka, kwa kuwa hakuna askari anayeweza kuyapekua. Mara nyingi ndiyo mali pekee aliyonayo ya kukugawia. Na Suratur-Rum imetuambia kuwa tofauti za lugha zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu kwa wenye ujuzi. Ishara hutazamwa na kuzingatiwa. Haichekwi.

Tunamwomba Allah atupe masikio ya kusikiliza kabla ya ndimi za kusahihisha.